Mashine Ilale Juu

Mafuta taa siku hizi hayanuki sana mitaani. Watu wamehamia gesi, na zile stovu za utambi zimeishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Lakini wiki iliyopita fundi wa pikipiki aliye karibu na kazini kwangu alikuwa ameloweka nati kwenye kopo la mafuta taa, anazisugua kwa mswaki uliochakaa, nami nikajikuta nimesimama palepale kando ya barabara. Fundi akaniuliza, "Madam, kuna shida?" Nikamwambia hakuna. Ningemwelezaje kwamba harufu ile kwangu ni harufu ya mama, na ya mwaka ule maji yalipotuingilia Kariobangi?

Wenzangu wa rika langu mliokulia Eastlands, Nairobi, mtanielewa, maana karibu kila mtaa una mwaka wake wa maji. Sisi tulikaa kwenye ploti ya vyumba vya mabati, chini kabisa, karibu na mto. Milango yote ilitazama ua mmoja, na uani hapo wanawake walifua, walipika, walisukana na kusutana, yote kwa wakati mmoja. Baba alifanya kazi Eldoret na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumba ilikuwa mama, mimi, na ndugu yangu mdogo Wafula. Na mashine.

Mashine ilikuwa ya kufuma sweta. Ilikuwa ndefu kuliko Wafula, imelala juu ya meza nyembamba ya miguu mifupi, nayo ilikuwa na safu ya sindano zenye ndoano ndogo vichwani, zimejipanga kama meno ya kitana. Mama alishika kile kichwa chake cha kusukuma, akakipeleka kulia, akakirudisha kushoto, krrr, krrr, na kila safari ikaongeza mstari mmoja wa sweta. Alifuma sweta za shule. Kila shule ya upande wetu ina rangi zake na mistari yake ya shingoni, na mama alizijua zote bila kuandika. Mtoto akipita njiani, alimtazama shingo kabla ya uso. "Huyo ni wa ile shule ya kanisani," angesema, "na hiyo sweta si yangu, ona vile mkono umelegea." Nilijivunia sana kuwa mtoto wa mtu anayejua shingo za mtaa mzima.

Sasa, wezi walikuwepo, na mama alikuwa na mpango wake kuhusu wezi. Alinunua mnyororo mnene na kufuli, akaifunga mashine kwenye mguu wa kitanda cha chuma, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Ploti nzima ilifanya vivyo hivyo. Mama Atieno, jirani yetu wa ukuta mmoja, alifunga cherehani yake kwenye nondo za dirisha. Syombua msusi alifunga ile kofia yake kubwa ya kukaushia nywele kwenye nondo za dirisha lake vilevile. Mgeni akipita uani angedhani tunafuga vitu vinavyouma. Tuliwaza mchana na usiku juu ya mtu atakayeingia na kubeba, na hakuna aliyewaza juu ya maji.

Ng'ambo ya barabara, mahali ardhi inapoinuka, kulikuwa na jengo la ghorofa lenye geti na askari. Ghorofa ya pili alikaa Mama Rukia, mwanamke aliyezaliwa Pumwani na kuja kwetu baada ya kuolewa. Naye alifuma sweta, kwa mashine ya aina moja na ya mama, isipokuwa yake haikuwa na mnyororo kwa kuwa askari wa geti alitosha. Waligawana shule bila ugomvi. Huyu akizidiwa na kazi anamwachia mwenzake. Mngeniuliza wakati ule ni nani kati yao aliyekuwa na uwezo, nisingejua la kuwajibu. Walilalamikia bei ya uzi kwa maneno yaleyale, na mimi na bintiye Rukia viatu vyetu vilitoboka mahali pamoja.

Siku ya maji mama alikuwa ameenda mjini kununua uzi, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na oda zilikuwa nyingi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Kwetu Bungoma jina Wafula hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mimi kwa akili zangu za kitoto nilikuwa nimemshawishi ndugu yangu kwamba mvua ni watu wa ukoo wake. Kwa hivyo maji yalipoanza kupenya chini ya mlango, rangi ya chai, yakibeba takataka za mji mzima, Wafula aliniuliza kwa sauti ndogo, "Wamekuja kunichukua?" Nilimwambia akae juu ya kitanda na anyamaze, wakimkosa watarudi.

Hawakurudi. Maji yalifika kwenye magoti yangu kabla sijamaliza kuokota viatu. Hapo ndipo nilipokumbuka mashine. Niliishika upande mmoja nikaivuta, nikadhani nitaipandisha kitandani, lakini mnyororo ulikuwa mfupi na ulikaza. Nikavuta tena. Niliweza kuinua ncha moja tu, na ncha ile nyingine ikazidi kuzama. Syombua aliingia akiwa amepandisha sketi kiunoni, akamtupa Wafula mgongoni na kunishika mkono.

"Wacha hiyo kitu, Nekesa. Unataka ufe na chuma?"

"Ufunguo uko na mama."

"Basi ukae naye. Twende."

Nikiwa mlangoni niligeuka. Maji yalikuwa yanazifunika sindano taratibu kutoka ile ncha niliyoshindwa kuinua. Uani, Mama Atieno alikuwa akipiga nondo za dirisha lake kwa jiwe na kulia.

Mama alitukuta kwenye ngazi za lile jengo la ghorofa, ambako askari alikuwa amefungua geti watu wa chini wapande. Alikuwa amebeba mfuko wa uzi kichwani, umefunikwa kwa nailoni, mkavu kabisa. Alitushika vichwa, wangu kisha wa Wafula, akatushika tena. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la leso. Alifungua fundo, akautazama ufunguo, akalifunga fundo tena, akakaa kwenye ngazi. Mimi nililia kwa niaba yake.

Redioni walisema mvua imewaathiri wakazi wote wa mtaa. Hadi leo nikisikia maneno hayo hucheka kwa hasira. Wakazi wote gani? Maji yalikaa siku chache yakaondoka, na yalipoondoka tukaona wazi nani alikuwa nani. Mwenye duka la jumla pale juu aliuza unga kwa bei aliyoitaka, kwa kuwa maduka ya chini yalikuwa yamejaa matope. Wenye mikokoteni walichangamka. Mwenye ploti yetu hakuja kutuona hata mara moja, ila mtu wake wa kukusanya kodi alikuja kwa wakati, amevaa gambuti. Vyumba vya lile jengo la ghorofa vilipanda kodi wiki hiyohiyo, kwa sababu sasa kila mtu alijua thamani ya ngazi.

Na Mama Rukia alipata oda zote. Walimu hawakuwa na neno. Watoto walihitaji sweta na mashine iliyokuwa kavu ni yake. Wanawake wa ploti nyingine za chini waliokuwa na mashine za kufuma waliona afadhali waziuze kama vyuma kuliko kuzitazama zikishika kutu, naye alizinunua, azitoe vipuri. Kisha akawaajiri haohao wakae zamu kwa zamu kwenye mashine mpya aliyoinunua kwa faida ya oda hizo. Simsemi kwa ubaya. Alilipa vizuri, hakumtukana mtu, na siku ile ya maji alitupikia uji sisi sote tuliokuwa kwenye ngazi. Alikuwa mtu mwema aliyekaa juu, basi. Lakini katika msimu mmoja yeye alikuwa amekuwa tajiri wao na wao wakawa wafanyakazi wake, na hakuna aliyekuwa amefanya uvivu wala ujanja wowote.

Mama peke yake hakuuza. Mtu wa Mama Rukia alikuja kuiulizia mashine, mama akamwambia, "Hii bado inaumwa tu. Haijakufa." Alinunua mafuta taa, akachukua miswaki yetu ya zamani, akatukalisha uani. Alichomoa sindano moja moja. Sisi tulisugua, yeye alikagua kwa kuipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba, ikikwaruza, ameitupa. Mikono yetu ilinuka mafuta taa hata chakula kikanuka mafuta taa. Wafula alisema ugali una ladha ya stovu. Watu walipita wakamcheka mama, wengine kwa mapenzi tu.

"Mama Nekesa, hiyo utafufua ama utazika?"

"Leteni kwanza sanda," aliwajibu, na kuendelea kusugua.

Tatizo ni kwamba zilizotupwa zilikuwa nyingi kuliko zilizopona, na mashine yenye mapengo hufuma sweta yenye matundu. Siku moja mama alioga, akavaa nguo zake za kanisani, akavuka barabara. Jioni hiyo alituambia kwamba kuanzia kesho atakuwa akifuma kwa Mama Rukia.

Niliumia kuliko siku ya maji. Kwangu ilikuwa kama mama ameenda kuwa yaya. Aliondoka asubuhi akarudi jioni, amechoka mabega, na kilichonishangaza ni kwamba wakati wanawake wengine waliofanya kazi kule walirudi na unga, nyama ya hapa na pale, hata soda, sisi tulikula sukuma wiki na ugali siku nenda siku rudi. Kisha nikaona jambo lililoninyima usingizi. Mama akifika, alifunga mlango, akafungua pindo la leso, akatoa sindano kadhaa zilizofungwa kwa karatasi, akazipanga kwenye mashine yetu. Kesho yake, nyingine. Sindano safi, zinazong'aa, na sisi hatukuwa na hela za kununua hata kiberiti cha ziada.

Nilikuwa mtoto wa Kariobangi na nilijua mwizi hufanywa nini. Nilikuwa nimemwona mmoja. Kuanzia hapo kila kelele ya barabarani ilinifanya nikimbie kwenye geti la ploti. Nilimwambia Wafula asiseme chochote kuhusu sindano hata akipewa biskuti, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa kuwa hakuwa amefikiria kusema mpaka nilipomkataza.

Jumapili moja baada ya kanisa Mama Rukia mwenyewe alishuka. Hakuwahi kuja uani kwetu tangu maji. Niliona buibui lake likipita kati ya kamba za nguo, nikaingia ndani mbio nikasimama mbele ya mama.

"Hajaiba," nikasema. "Ziliokotwa."

Mama Rukia alisimama mlangoni akitutazama kwa zamu. "Nani kaiba? Kaiba nini?"

"Sindano," akasema Wafula, kwa furaha ya mtu aliyeachiliwa huru.

Mama aliketi kitandani akacheka mpaka akajifuta macho. Mama Rukia naye akaanza, akashika mwimo wa mlango. "Maskini mtoto wa watu," akasema. "Nekesa mwanangu, mama yako ndivyo alivyotaka. Mshahara wake nusu anataka sindano. Nimemwambia chukua pesa, hizi sindano zitakulisha nini wewe? Hataki. Anazichagua kwenye zile mashine nilizonunua, anazikwaruza na ukucha, mbovu ananirudishia. Hata mimi mwenyewe sizichagui hivyo."

Niliona haya kidogo, lakini zaidi niliona mzigo umenitoka kifuani. Mama Rukia akakaa kwenye stuli, sauti yake ikabadilika. Alisema hakuja kwa ajili ya sindano. Alikuwa anafungua duka kule juu barabarani. Alitaka mama awe msimamizi wa wafumaji wote, na apewe mashine mpya ya kutumia.

"Itakuwa yangu, lakini nani atajua? Utakaa nayo wewe. Maji yakija tena ni hasara yangu, si yako. Mama Nekesa, mimi nakuwazia mema. Hiyo yako ni ya kuchomea mahindi."

Mama aliigeukia mashine yake. Mimi, kusema kweli, nilitaka akubali. Nilikuwa nimeona nyama kwa jirani.

"Asante, mama," akasema mwishowe. "Wewe umenisaidia, na sitasahau. Lakini nikichukua yako, nitakuwa nafuma yako mpaka nizeeke, na huyu Nekesa aje achukue zamu yangu. Wacha nijaribu na hii yangu."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa nitakuja kukupigia magoti. Sina aibu ya magoti."

Mama Rukia alitikisa kichwa, akanywa chai, akaenda zake. Nadhani alikwazika, lakini hakumwachisha mama kazi, na sindano ziliendelea kuja.

Siku pengo la mwisho lilipozibwa, mama alitia uzi wa kijani uliokuwa umebaki kwenye ule mfuko wa siku ya maji. Wanawake wa ploti walikuwa wamejazana mlangoni na wote walikuwa kimya, jambo lisilowahi kutokea. Alisukuma kichwa cha mashine kikakwama. Akakirudisha, akatia tone la mafuta, akasukuma tena. Krrr. Polepole, kwa sauti nzito kuliko ya zamani. Kipande cha sweta kikaanza kushuka chini ya sindano, mstari kwa mstari, bila tundu. Mama Atieno alipiga kigelegele kikamshtua Wafula, na Syombua akauliza sasa nani atafufua kofia yake ya nywele.

Swali hilo la Syombua lilikuwa utani, lakini mama aliliwaza. Baada ya wiki kadhaa, Syombua alipokwisha kutengenezewa kofia kwa fundi wa jua kali, na Mama Atieno amebadilisha mota ya cherehani, mama aliwaita chumbani kwetu akawaambia jambo ambalo nililisikia nikiwa nimejilaza nikijifanya nimelala mchana. Kulikuwa na chumba kimoja kitupu kwenye lile jengo la ghorofa, kidogo, mwisho wa korido, upande wa barabara. Watatu wakichangia, kodi wataiweza. Vifaa vyote vya kazi viende kule. Asubuhi wapande wakafanye kazi, jioni wafunge washuke.

"Na nani atalala huko?" akauliza Syombua.

"Hakuna mtu. Ni mashine tu."

Nilikaa kitako nikasahau kwamba nimelala. "Sisi je? Mashine ilale ghorofani na sisi tulale chini kwa maji?"

Mama alinigeukia. Hakuwa na hasira. "Kodi ya kuhamisha watu wote sina, Nekesa. Ya kuhamisha mashine ninayo. Nyinyi mna miguu. Yenyewe haina."

Sikumwelewa, na nilikaa nimenuna siku nyingi. Niliamini kabisa kwamba mama anaipenda mashine kuliko sisi, na nilimtangazia jambo hilo kila aliyetaka kusikia, pamoja na mwalimu wangu. Siku ya kuhama nilikataa kubeba hata bobini moja. Wao walibeba. Waliitoa mashine kwenye mnyororo, wakaivusha barabara wakiwa wameishika kila mmoja upande wake, askari akawafungulia geti, na Mama Rukia, kwenye korido ya ghorofa ya pili, akasogea kando ili wapite.

Sasa nina umri aliokuwa nao mama wakati ule, na kazi yangu nzuri ina kiti na kompyuta, na bado sijui kama ningeweza kufikiri vile. Hakuwa na elimu ya mambo haya. Hakuna aliyemwambia kwamba maafa hayamfanyi mtu maskini kwa kumlowesha, ila kwa kumnyang'anya kile anachofanyia kazi. Aliliona mwenyewe, kwa macho, uani, kati ya sindano zenye kutu. Nampenda kwa mambo mengi, lakini kwa hilo namvulia kofia. Wala sitawadanganya kwamba alishinda. Duka la Mama Rukia lilizaa la pili, likazaa jengo. Mama hakuwahi kumiliki hata kipande cha ardhi ya Nairobi, na pengo lile lililofunguka kwa mvua ya siku moja halijazibika mpaka leo.

Ila mvua ilirudi. Msimu uliofuata, mchana tena, na safari hii tulikuwa na miguu kweli. Mama alipiga ukelele mmoja kutoka dirisha la juu, nami nikamshika Wafula mkono tukatoka, Atieno, mtoto wa jirani, na wenzake nyuma yetu, tukavuka barabara na kupanda ngazi. Tulitazama kutoka juu maji yakiingia kwetu bila haraka. Tuliona meza ikitoka, sufuria, begi langu la shule, kisha godoro letu likapita uani limekunjamana, likakwama getini, likaenda. Lilikuwa jipya. Nilianza kulia.

Mle chumbani Syombua alikuwa amemaliza kumsuka mteja na anamwambia asubiri mvua ipungue. Mama Atieno alikuwa ameinamia kola. Watu wa chini wakaanza kujaa kwenye ngazi, na miongoni mwao nikaona wanawake wakimtazama Mama Rukia kwa macho ya watu wanaotaka kuomba kazi. Mama alisimama dirishani kando yangu mpaka godoro lilipopotea. Aliweka mkono wake kichwani kwangu, akauacha hapo kidogo. Halafu akarudi kwenye kiti chake, akavuta uzi, akaniuliza ni shule gani itafunguliwa kwanza.